Chia ya kupima ina mchanga, nikiiosha inageuka gundi: nifanyeje?

SWALI: Nipo Ngamiani, Tanga. Nimenunua chia kilo moja, ya kupima, siyo ya pakiti. Ina vumbi na vijiti, na ukitafuna mchanga unalia menoni. Nikachukua robo nikaiosha kwenye chujio kama ninavyoosha mchele, ikageuka gundi, na chujio limeziba mpaka leo. Iliyobaki niisafishe vipi? Na kuiloweka ni maji kiasi gani? Maana hata ile safi niliyowahi kununua dukani ilikuwa inafanya mabonge. Anayekula ni mama, ana miaka 68, ana kisukari na anameza dawa za presha.

JIBU: Chia haioshwi kama mchele, dada. Hata ungeiosha taratibu kiasi gani, ingekugeukia vilevile. Ganda la nje la mbegu hii limebeba ute uliokauka. Likiguswa na maji tu, ute unaanza kuvimba na kuizingira mbegu pande zote kama ute wa bamia, na ukishatoka haurudi. Gramu moja ya chia inaweza kushika gramu kumi hadi kumi na mbili za maji. Ule mchanga uliotaka kuutoa ndio kwanza unanaswa humo. Kwa hiyo usafi wa chia, karibu wote, ni wa kavu. Maji yakiingia yawe ni ya kulowekea, na kama bado kuna mchanga wa kuondoa kwa maji, kazi hiyo ina dakika moja tu, mbili zikizidi sana.

Robo iliyokwisha kugeuka gundi usihangaike nayo. Ukiianika itashikana kwenye sinia kama kigaga, mchanga umo, na kwa joto la Tanga itaanza kuchacha kabla haijakauka. Kama una kuku au bustani, ipelekee huko. Tushughulike na hiyo robo tatu ya kilo.

Chukua gramu 200 hivi kwa mara moja. Ukijaza sana uchafu unajificha. Fanya kazi ndani, feni imezimwa. Mbegu elfu moja za chia hazifiki hata gramu moja na nusu, na upepo wa alasiri unaotoka baharini, ule unaokusaidia kupepeta mpunga, hapa utaondoka na mbegu pamoja na makapi. Tumia sinia la bati au la aluminiamu. Plastiki kavu huzinasa mbegu ubavuni, na ungo wa kufuma huzimeza katikati ya nyuzi zake, utazikuta humo wiki ijayo ukipepeta mchele.

Kisha tafuta chekeche mbili. Ya kwanza iwe na matundu ya milimita 2 hivi. Mbegu ya chia ina urefu wa karibu milimita 2 lakini upana wake ni milimita moja na kidogo, kwa hiyo inapita kwa ncha, huku vijiti, vijiwe, vipande vya maua yaliyokauka na punje za nafaka nyingine vikibaki juu. Ya pili ni chekeche laini ya kuchungia unga. Hapo mambo yanageuka: mbegu zinabaki juu, vumbi na mchanga mwembamba vinashuka. Kabla hujaiamini, ijaribu kwa kijiko kimoja cha mbegu. Zikipenya hata chache, matundu ni makubwa mno. Wengine hukata kipande cha wavu wa mbu wa dirishani wakakifanya chekeche. Huo haufai kwa hatua yoyote kati ya hizi mbili, kwa sababu matundu yake yanakaribiana na upana wa mbegu: nyingine zinapita, nyingine zinakwama, na unaishia kuzichomoa kwa sindano.

Kwenye chekeche laini tikisa kwa kuzungusha juu ya karatasi nyeupe, dakika mbili hivi, ukigonga ukingo. Usizisugue mbegu kwa kiganja, maana jasho la mkono tu linatosha kuanzisha ute, na mbegu zenye ute hubeba vumbi badala ya kuliachia. Badilisha karatasi, rudia. Karatasi ikibaki nyeupe, vumbi limeisha.

Kile kilichobaki juu ya chekeche ya kwanza kitazame vizuri kabla ya kukitupa, kwa sababu ndicho kinachosema chia yako ilikaa wapi. Vijiti na maganda ya maua si tatizo. Mmea huvunwa ukiwa mkavu, vichwa hukatwa na kupigwa juu ya turubai au chini kabisa, kwa hiyo lazima kitu kiambatane. Ukiona kinyesi cha panya, ambacho ni kirefu kuliko chia na hakipiti kwenye matundu hayo, tupa mzigo wote. Kinyesi unaweza kukiokota, mkojo huwezi. Ukiona nyuzinyuzi zinazounganisha mbegu, hizo ni za viwavi wa nondo wa ghalani, na hiyo nayo mimi singeila.

Baada ya hapo mimina vijiko kama vinne kwenye sinia, tandaza ziwe tabaka jembamba, inamisha sinia kidogo kuelekea kwako na ugonge taratibu upande wa juu. Mbegu za chia ni laini na za mviringo mrefu, zinateremka upesi. Mchanga una kona, unasitasita nyuma. Zikusanye zilizofika chini, futa zilizobaki juu, endelea na tabaka lingine. Hapa pia chagua kwa macho zile mbegu za kahawia tupu: ni changa, zilivunwa kabla ya kukomaa, na ladha yake ina uchungu kidogo. Chia iliyokomaa ina madoadoa ya kijivu, nyeusi na nyeupe yaliyochanganyika. Ipo pia nyeupe kabisa, na kwa lishe hazipishani sana, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa sababu ya rangi. Kahawia chache hazina neno. Zikiwa nyingi, uliuziwa mavuno mabovu.

Kinachoweza kubaki sasa ni mchanga wenye ukubwa sawasawa na chia yenyewe, na huo chekeche haiujui. Pima hivi: weka kijiko cha chai kimoja kwenye glasi ya maji, koroga kwa nguvu, subiri sekunde tano, inyanyue glasi utazame kitako kwa chini. Mchanga ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko maji, unatua papo hapo. Chia uzito wake unakaribiana na wa maji, bado itakuwa inazunguka. Kitako kikiwa kitupu, umemaliza kusafisha. Ukiona chembe zimetua, basi kila siku unapoloweka utaitoa michanga kwa maji, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kwa kuchelewa.

Andaa majagi mawili na maji ya kunywa nusu lita, yaliyochemshwa yakapoa, tena ya baridi kama una friji, kwa sababu maji ya moto huharakisha ute. Anza kukoroga maji matupu, kisha nyunyiza vijiko viwili vikubwa vya chia, ambavyo ni kama gramu 24, huku mkono mwingine haujaacha kukoroga. Acha kukoroga, hesabu mpaka tano, kisha mimina kwenye jagi la pili kwa mkondo mmoja usiokatika, ukiacha kama vijiko viwili vya maji chini pamoja na mchanga wake. Suuza jagi la kwanza, koroga tena lile la pili, hesabu tano, rudisha. Mara mbili zinatosha. Kuanzia mbegu zilipogusa maji mpaka hapo isizidi dakika mbili. Zaidi ya hapo maji yameshanenepa, mchanga unaelea pamoja na mbegu na hautui tena hata usubiri mpaka magharibi. Maji hayo usiyamwage. Ndiyo maji ya kulowekea, na ndiyo sababu vumbi ilibidi litoke kwanza kwa kavu. Safisha hivi kiasi cha kula leo tu. Asikudanganye mtu uitoe michanga kilo nzima kwa maji halafu uianike, utarudi kwenye gundi.

Sasa vipimo. Kwa kinywaji chepesi, kijiko kikubwa kimoja, yaani gramu 12 hivi, kwa maji ya mililita 250 hadi 300. Hivyo vijiko viwili kwenye nusu lita hapo juu vinakupa kinywaji cha namna hiyo. Kwa uji mzito wa kula na kijiko, sehemu moja ya chia kwa sehemu kumi za maji ukipima kwa uzito: gramu 25 kwa mililita 250. Kwa ile nzito kabisa ya kulala kwenye friji na maziwa au tui, robo kikombe cha chia kwa kikombe kimoja cha maziwa. Ukipunguza maji chini ya hapo mbegu hazishibi. Zitaendelea kuvuta maji zikiwa tumboni, na huko ndiko hutaki zifanye kazi hiyo.

Mabonge uliyoyaona yana sababu moja. Maji yakimwagwa juu ya rundo la mbegu, zile za nje zinatoa ute kwanza, zinafunga mlango, za ndani zinabaki kavu. Kwa hiyo mbegu ndizo ziingie kwenye maji yanayozunguka, kidogo kidogo. Koroga sekunde thelathini, acha dakika tatu, koroga tena, na dakika ya kumi koroga mara ya mwisho. Uma ni bora kuliko kijiko. Huo mkorogo wa dakika ya tatu ndio watu wanaouruka, na ndio wenye kazi: ute umeanza lakini haujakaza, bonge bado linavunjika ukilibana ubavuni mwa chombo. Likishapita saa moja, tia yote kwenye chupa pana yenye kifuniko, ongeza maji robo glasi, tikisa kwa nguvu. Chupa ndogo ya soda iliyotumika haifai, shingo yake inaziba.

Muda: dakika 20 hadi 30 ndicho kiwango cha chini, saa mbili ni bora, usiku kucha kwenye friji ndiyo laini kuliko zote. Imeiva ukiona kila mbegu imezungukwa na utando angavu, zote zimetawanyika sawa toka juu mpaka chini, na ukiibana moja kati ya vidole inateleza. Mbegu zikikaa chini na maji yakabaki mepesi juu baada ya nusu saa, ama chia ni ya zamani sana, ama ilikaangwa, ama siyo chia.

Na hilo la mwisho linatokea. Mbegu za rehani, zile zinazotiwa kwenye faluda, huuzwa kwa jina la chia na wauzaji wengine hawajui tofauti. Zenyewe ni nyeusi tii, hazina madoadoa, na ukizitia maji zinavimba ndani ya dakika chache tu, kila moja na mpira wake mweupe uliojitenga. Hazina ubaya, ila vipimo nilivyokupa si vyake.

Jambo jingine linalosumbua watu wa pwani ni kuloweka moja kwa moja kwenye juisi ya ukwaju au maji ya ndimu. Ukali na chumvi huzuia ute kuvimba vizuri, na sukari nyingi hushika maji ambayo mbegu zilipaswa kuyanywa. Tui la kwanza nalo ni zito, lina mafuta mengi na maji machache. Loweka kwanza kwenye maji matupu, nusu ya kiasi ulichokusudia, zikishavimba ndipo utie ukwaju, juisi ya machungwa ya Muheza, tui au chochote. Kwenye uji wa ulezi mambo ni rahisi zaidi: tia chia iliyokwisha kulowekwa uji ukikaribia kuiva, koroga, acha ichemke dakika tano. Njia hii naipenda kwa wazee na kwa chia ya kupima, kwa sababu moto unaua vijidudu ambavyo chekeche haiwezi kuviona. Si hofu ya bure. Mwaka 2014 Marekani na Kanada watu waliugua salmonela, ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria wa jina hilo, iliyotokana na unga wa chia iliyooteshwa. Kukaanga chia kavu hakuchukui nafasi ya kuchemsha. Salmonela huvumilia sana joto kavu, na mafuta ya chia huharibika kabla yake.

Sasa mama, umpe shikamoo zangu. Asile chia kavu hata kijiko kimoja, wala asinyunyiziwe juu ya chakula kikavu. Mwaka huohuo wa 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 39 aliyemeza kijiko kikubwa cha chia kavu akateremshia na maji; zikavimba kooni zikaziba njia ya chakula, ikabidi zitolewe hospitalini. Alikuwa na historia ya kukwamwa na chakula. Kama mama aliwahi kupata kiharusi, au chakula humkwama, hata iliyolowekwa asipewe kabla ya kumwuliza daktari.

Kama hana shida hiyo, aanze na kijiko cha chai kimoja kwa siku, kipimwe kikavu kisha kilowekwe, wiki nzima. Tumbo likikubali, apande mpaka kijiko kikubwa kimoja. Gramu 15 kwa siku zinatosha mtu mzima. Kijiko kikubwa kina gramu 4 hivi za nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi zikiingia ghafla bila maji ya kutosha zinafunga choo badala ya kukifungua, na tumbo linajaa gesi. Kila anapokula chia anywe na glasi ya maji juu yake.

Chia si dawa ya kisukari. Ute wake hupunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu, hilo ni kweli na linasaidia, lakini haliondoi kidonge wala sindano, na chia kwenye glasi ya juisi yenye vijiko vitatu vya sukari ni sukari tu iliyovaa mbegu. Kwa kuwa ute huohuo unaweza kuchelewesha dawa tumboni, dawa zitangulie kwa saa moja, au zije saa mbili baada ya chia. Kliniki waambie kwamba anakula chia, hasa kama kati ya dawa zake imo ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, au kama aliwahi kuambiwa figo zake zina shida, maana chia ina fosforasi nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini. Na wakikwambia chia ina omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa moyo, kuliko samaki, ujue ile ya chia ni ya aina ambayo mwili lazima uibadilishe kwanza, na hubadilisha sehemu ndogo tu. Vibua na dagaa wanayo ile iliyo tayari. Msimnyime mama samaki kwa ajili ya chia.

Iliyobaki uihifadhi kavu kwenye chupa au kopo lenye mfuniko wa kukaza, mbali na jiko. Theluthi moja hivi ya uzito wa chia ni mafuta, na hewa yetu ya pwani ina unyevu; mfuko wa nailoni uliofungwa fundo hautoshi. Ikianza kunuka kama rangi ya mafuta, mafuta yameharibika, hata kama kwa macho ni nzima. Kwa wadudu, ifunge vizuri uiweke kwenye friza siku saba kabla ya kuihifadhi, na ukiitoa usifungue mpaka chombo kipoteze ubaridi kabisa, vinginevyo jasho litaingia ndani na mbegu za juu zitatoa ute. Usiisage yote. Iliyosagwa huharibika haraka zaidi, kwa hiyo saga ya wiki moja kwenye blenda kavu, kwa vipindi vya sekunde chache chache, uweke kwenye friji. Mashine ya unga ya mtaani usiipeleke, mafuta ya chia huziba nyavu za mashine. Ndiyo maana pia siipendi chia inayosagwa pamoja na unga lishe wa mwezi mzima: unga wote unachacha kwa ajili yake.

Iliyolowekwa isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Ndani ya friji, ya maji matupu hukaa siku nne, ya maziwa au tui siku mbili. Ukiona mapovu, harufu ya uchachu, au maji yamejitenga juu na ute umekuwa mwepesi, mwaga.

Lile chujio usilisugue likiwa bichi, unazidi kuusukuma ute kwenye matundu. Lianike juani mpaka likauke kabisa. Ute ukikauka unakuwa utando mwembamba unaobanduka. Ligonge, lipige brashi ngumu kavu pande zote mbili, ndipo ulitie kwenye maji ya moto yenye sabuni, nusu saa, usugue tena. Maji hayo yamwage nje. Ukiyamimina kwenye sinki, mbegu zilizobaki zitavimbia kwenye bomba.